Bandari Iliyokimbiwa na Bahari

Ile video haikufika hata dakika moja, lakini ilitosha kuuvuruga moyo wa Dativa kiangazi kizima.

Inaanza na kicheko cha Whitney, mwimbaji mwenzake wa kwaya ya Kiswahili ya Stockholm, Mkenya mwenye mdomo usio na kufuli. Kisha unaona gati la Kusadasi, jua kali la Uturuki, na watu wazima wawili wakija mbio kuiwahi meli. Mwanamke yuko peku, gauni amelipandisha hadi magotini, anacheka na kuhema kwa pamoja. Mwanamume mwenye mvi anamvuta kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika viatu vya mwanamke. Juu, kwenye ghorofa zote za meli ile nyeupe, abiria wamejipanga wanapiga makofi na miluzi.

"Wah! Kimbieni, jamani! Tunawaacha!" Whitney anapiga kelele. "Oneni mapenzi ya uzeeni hayo!"

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyoleta balaa. Whitney alisema kwa utani tu, akaituma kwenye kundi la kwaya, kundi likaisambaza kwenye makundi mengine, na kabla meli haijaiacha bandari vizuri video ilikuwa imeshaingia Bukoba, kwenye simu ya Clementina. Clementina ni wifi yake Dativa, dada wa marehemu mume wake Vedasto. Na yule mwanamume aliyeshika viatu ni Kasiani, msimamizi wa harusi ya Dativa na Vedasto.

Msimamizi, jamani! Angekuwa mwanamume mwingine yeyote, hata Mturuki muuza mazulia, watu wangecheka siku mbili wakasahau. Lakini msimamizi ni mtu aliyesimama ubavuni kwa bwana harusi mbele ya altare, akazishika pete, akatia sahihi cheti. Kwa desturi ya kwao, tangu siku hiyo yeye ndiye mlezi wa ndoa. Mume na mke wakigombana hawakimbilii kwa wazazi, wanamwita msimamizi. Anakuja, anakaa katikati yao, anasikiliza huku na huku, na hatoki mpaka waliogombana wapeane mikono. Ni ndugu kuliko ndugu. Sasa umwone ndugu huyo anakimbia na bibi harusi, viatu mkononi!

Na usiulize nani alikata tiketi ya meli. Alikuwa Stellah, binti pekee wa Dativa, aliyetaka mama yake asherehekee miaka sitini pamoja na wanakwaya wenzake kwenye bahari yenye joto. Stellah mwenyewe ndiye aliyemwambia Kasiani, "Baba mdogo, nenda naye, akikosa wa kumbebea begi atarudi mgonjwa." Leo hataki hata kukumbushwa.

Jumapili moja ya Septemba, Dativa alikuwa jikoni kwake Alby, pembezoni mwa Stockholm, akimenya ndizi alizozifuata soko la Rinkeby jana yake. Nje, miti iliyo kando ya reli ilikuwa imeanza kugeuka rangi. Kasiani alikuwa anakuja kuaga. Alikuwa amestaafu kazi yake ya ufundi wa treni, amerudisha funguo za nyumba yake ya Upplands Väsby, na amekata tiketi ya kwenda Bukoba, ya kwenda tu bila kurudi. Ndege yake kesho asubuhi. Kiangazi chote alimpigia Dativa simu, na kiangazi chote Dativa aliiangalia simu ikiita mpaka ikanyamaza yenyewe. Alijua vizuri kwamba mtu huyo akitoka mlangoni kwake leo bila neno lolote, basi ndiyo imekwisha. Alijua, na bado hakuwa na neno.

Simu iliita. Safari hii ilikuwa ya Clementina, na huyo hakwepeki.

"Wifi, ameshafika?" sauti ya Clementina ilijaa jiko zima.

"Bado."

"Akija, muage mbele ya Stellah. Mlango uwe wazi. Sitaki kusikia mengine, wifi yangu. Hapa kanisani wananiuliza: kumbe hawa walikuwa pamoja tangu zamani? Kumbe kaka yako alikuwa anachezewa? Nawajibu nini mimi?"

"Wajibu kwamba si kweli."

"Basi video ile ni ya nani? Ya pacha wako?" Clementina alishusha pumzi. "Nakupenda, wifi. Umemtunza kaka yangu mpaka siku ya mwisho, hilo sijalisahau. Lakini msimamizi! Akishaondoka nipigie."

Stellah alikuwa amekaa mezani, mikono amekunja. Alikuwa amekuja tangu asubuhi, eti kusaidia kupika, na hajashika hata kisu. Msichana huyo alikielewa Kiswahili chote, hata cha mafumbo, ila alikijibu kwa Kiswidi. Kiswahili chake alikiweka kwa ajili ya salamu za wakubwa na misiba.

"Shangazi ana haki," alisema kwa Kiswidi. "Na mimi nataka kujua."

"Kujua nini?"

"Kilichotokea kule, mama. Tangu urudi hulali, huimbi ukipika. Hata tangawizi hukuiweka kwenye chai."

Kengele ya mlango ikalia. Dativa aliifuta mikono yake kwenye kanga mara tatu, ingawa ilikuwa mikavu.

Kasiani alisimama mlangoni na koti lake la kijivu, amenyoa vizuri, ameshika kifurushi cha buni za kutafuna. Aliinama akavua viatu kama kila mtu anavyofanya katika nyumba za Sweden, akavipanga karibu na ukuta, pembeni kabisa, viatu vya mtu asiyetaka kuchukua nafasi.

"Habari za hapa, shemeji?"

Shemeji. Loo, neno hilo! Miaka yote hiyo Kasiani alikuwa amemwita hivyo, naye akamwita hivyohivyo, na halikuwahi kumuuma. Leo lilimchoma, kwa sababu mara ya mwisho walipokaa pamoja Kasiani alikuwa amelitupa, akamwita kwa jina lake.

"Nzuri, shemeji. Karibu."

Stellah hakuinuka. "Hej," alisema.

Kasiani alisimama kidogo. Binti huyo alikuwa akimwamkia shikamoo tangu hajajua kutembea sawasawa. Akajibu, "Hej, mwanangu," akavuta kiti.

Walianza kula. Kasiani alisifu ndizi, Dativa akasema zimepungua chumvi, Kasiani akasema hapana, ziko sawa. Ungewaona ungesema ni wageni waliokutanishwa kwenye kliniki. Mwishowe Stellah aliweka uma chini.

"Baba mdogo, nina swali moja. Ulianza kumpenda mama lini?"

"Stellah!" Dativa alishtuka.

"Mwache," Kasiani alisema polepole. "Ana haki ya kuuliza. Nilimwambia mama yako kule Efeso. Akiniruhusu, na wewe nitakwambia."

Dativa hakumkataza. Aliangalia dirishani, treni ya chini ya ardhi ilikuwa inaibuka juani kuelekea kituoni, na yeye kwa mawazo akarudi zake Efeso, ule mji wa kale ulio jirani na Kusadasi.

Walishuka melini asubuhi, wakapanda basi la watalii, Whitney mbele na kofia yake kubwa. Mwongozaji, msichana wa Kituruki mwenye sauti ya upole, aliwapitisha kwenye magofu yote, kisha akawasimamisha mwanzo wa barabara pana ya mawe meupe iliyolala katikati ya nguzo.

"Hii ndiyo barabara ya bandarini," aliwaambia. "Meli kutoka kila pembe ya bahari hii zilitia nanga pale mwisho."

Wote wakaangalia pale mwisho. Kulikuwa na matete na majani makavu.

"Sasa bahari iko wapi?" Whitney aliuliza.

"Iliondoka. Mto ulileta tope, kidogokidogo, kila mwaka. Watu walichimba, wakachimba tena, wakachoka. Siku hizi kutoka hapa hadi ufukweni ni mwendo wa gari."

Wengine walikwenda kupiga picha. Dativa magoti yalikuwa yanamuuma, akakaa kwenye ngazi za uwanja wa maigizo wa kale, pale zinapotazamana na barabara ile. Akavua viatu, miguu ilikuwa imevimba kwa joto. Kasiani alikuja akampa chupa ya maji, akakaa ngazi moja chini yake.

"Naionea huruma bandari hii," Dativa alisema. "Imebaki na nguzo zake, haina hata tone la maji."

"Mimi naielewa."

"Unaielewa vipi, shemeji?"

"Umejenga gati, umesafisha njia, kila siku unasema kesho meli itafika. Halafu bahari inakwenda zake, na wewe hujui hata siku iliyoondoka." Aliokota kijiwe, akakitupa chini. "Leo naomba usiniite shemeji."

"Nikuite nani?"

"Niite jina langu. Na mimi nikuite Dativa. Leo tu, hatuko Bukoba wala Stockholm."

Kasiani akaendelea huku akiyatazama matete.

"Nilikuona kabla ya Vedasto. Pale chama cha ushirika, siku ya kupima kahawa. Ulikuwa unagombana na karani wa mizani."

"Karani yule alikuwa mwizi!"

"Alikuwa mwizi, na wewe ulimtoa jasho. Nikarudi kwa Vedasto, nikamwambia nimemwona msichana. Unanijua mdomo wangu, mzito. Nikamwomba anisindikize kwenu, nikusalimie tu."

Dativa alimgeukia. Siku ile aliikumbuka. Vijana wawili uani kwa baba yake, mmoja mrefu aliyetazama ardhi, na mwingine mfupi aliyeongea mpaka kuku wakanyamaza.

"Akaja Vedasto," alisema taratibu.

"Akaja."

"Na akaongea yeye."

"Aliongea, Dativa! Alikusifia mbuzi wenu, akakusifia paa la nyumba, akakuchekesha mpaka ukaegemea nguzo. Mimi nilikuwa nimeshika kofia."

Wakacheka wote wawili. Wangefanyaje? Huyo ndiye alikuwa Vedasto, kwa kicheko chake na maneno yake, na wote wawili walimpenda. Walicheka mpaka machozi yakamlengalenga Dativa, na hakujua ni machozi ya nani hasa.

"Yeye alijua?" aliuliza.

"Alisahau kwamba nilimtangulia. Alikuwa na furaha mno, na mimi sikumkumbusha. Kila siku nikawa najiambia nitasema kesho. Kesho hiyo ikawa harusi yako, na mimi nimeshika pete mfukoni. Ndiyo hivyo. Sikutaka nife sijasema."

Waliponyanyua macho, basi lilikuwa limekwenda. Whitney aliwahesabu vibaya, au alihesabu vizuri akanyamaza, Mungu ndiye anajua. Ndipo ikawa kutafuta teksi, foleni ya barabara ya pwani, gati, makofi na video.

Haya yote Kasiani alimweleza Stellah pale mezani, bila kuongeza wala kupunguza. Stellah alisikiliza huku uso umekaza.

"Kwa hiyo," alisema kwa Kiswidi, "mama na pappa walipogombana, waliyemwita ni wewe. Nakumbuka. Nilikuwa mdogo, unakuja na koti lako, unakaa pale pale ulipokaa sasa. Na moyoni ulikuwa unangoja waachane."

"Hapana, mwanangu."

"Nitajuaje?"

Kasiani alikuwa mtu wa kutengeneza injini, maneno yalimshinda tangu ujana wake. Aliinamisha kichwa kama mtuhumiwa aliyekubali hukumu.

Hapo Dativa alisimama.

"Mimi nina swali kubwa kuliko lako, Stellah. Ngoja nimuulize mwenyewe, na wewe usikilize." Aligeuka. "Kasiani. Unasema ulinipenda. Sasa siku ile ya theluji, kwa nini ulinifukuza?"

"Siku ipi?" Stellah aliuliza.

"Kabla hujazaliwa. Baba yako alikuwa amepoteza kazi kiwandani, akaacha kuongea. Vedasto, mtu wa maneno yote yale! Akawa anakunywa, anakaa gizani, nikimsemesha anageukia ukuta. Mimi nafanya zamu mbili katika nyumba ya wazee, nikirudi nakutana na mgongo. Asubuhi moja nilikusanya nguo zangu kwenye sanduku, nikapanda treni mpaka Upplands Väsby kwa msimamizi. Lakini sikwenda kusuluhishwa. Nilikwenda nimeshamwacha mume."

Alimtazama Kasiani usoni.

"Ulifungua mlango, ukaniona na sanduku. Nikainama nivue viatu. Ukasema, usivue viatu. Hivyo tu! Hukunikaribisha hata nipashe mikono. Ukavaa vya kwako, ukachukua sanduku langu, ukanirudisha kituoni, treni nzima hukunisemesha. Nilisema moyoni, mtu huyu hana roho. Miaka yote hii nilikuheshimu, Kasiani, lakini sikukusamehe lile. Na kule Efeso unaniambia ulinipenda! Tangu siku ile najiuliza, mpenzi gani anayemrudisha mtu kwenye theluji? Ndiyo maana sikupokea simu zako. Si kwa sababu ya Clementina. Kwa sababu ya viatu vile."

Kasiani alisukuma sahani yake kando.

"Ungevua viatu, Dativa," Kasiani alisema, "nisingekurudisha."

Aliiweka mikono yake miwili juu ya meza.

"Nilijijua. Ungekivuka kile kizingiti na soksi zako, ukakaa kwenye kiti changu, ukalia, mimi ningeacha kuwa msimamizi. Ningekuwa mwizi. Na Vedasto alikuwa anazama, hana mtu mwingine ila wewe na mimi. Niliapa mbele ya altare kuilinda ndoa yenu. Siku ile ndiyo siku pekee niliyotakiwa kuilinda kwelikweli, na wa kuilinda dhidi yake nilikuwa mimi." Alijifuta uso kwa kiganja. "Ndani ya treni sikukusemesha kwa sababu ningesema neno moja, ningesema yote."

Dativa alikaa. Aliikumbuka siku hiyo upya, sasa kwa upande wa pili: mgongo wa Kasiani mbele yake kwenye theluji, sanduku mkononi, hageuki nyuma. Na jinsi alivyoingia hapa, akavuta kiti mbele ya Vedasto, akakaa naye mchana kutwa bila kusema lolote, mpaka Vedasto akalia kwa sauti. Siku ile ndipo mume wake alipopona. Waliishi vizuri baada ya hapo. Waliishi vizuri sana, na hakujutia hata siku moja. Alimlilia Vedasto kwa haki yake alipokufa.

"Theluji hiyo," Stellah aliuliza taratibu, "ilikuwa ya mwaka gani?"

"Nilirudi kwa baba yako, na wewe ukazaliwa majira ya baridi yaliyofuata," Dativa alimjibu.

Stellah alimtazama mama yake, halafu akamtazama mzee yule wa koti la kijivu. Kisha akainuka akaenda kusimama dirishani, amewapa mgongo.

Kasiani alisukuma kiti nyuma kwa uangalifu.

"Nimeshakujibu, shemeji. Nashukuru umeniuliza, nitasafiri mwepesi. Clementina alinipigia na mimi. Aliniambia naliharibu jina la marehemu na jina lako. Hilo sitaki. Watu wakiona nimekwenda, watasahau."

"Utaishi na nani kule?"

"Nina shamba la migomba, na kaka zangu wapo. Mtu hakosi wa kumsalimia."

"Sikuuliza wa kukusalimia."

Alitabasamu kidogo tu, tabasamu la mtu mrefu aliyeshika kofia uani kwa watu. "Mke wangu Adrienne aliniambia siku tulipoachana: wewe unaishi kwangu, ila masikio yako yapo Alby. Alikuwa mwanamke mwema, nilimkosea. Sitaki kumkosea mtu mwingine. Kwaheri, Stellah, mwanangu. Mtunze mama."

Stellah hakugeuka. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Kasiani alikwenda ukumbini. Dativa alibaki mezani, mbele yake sahani tatu na kifurushi cha buni ambacho hakuna aliyekifungua. Alimsikia akiinama, akikohoa, akivuta kamba za kiatu. Simu iliita mezani, picha ya Clementina ikajitokeza na kilemba chake cha kanisani. Iliita mpaka ikakata.

Alimwaza Vedasto. Angekuwapo angesemaje, mtu yule wa maneno? Alijaribu kumsikia akikasirika, akashindwa. Alimsikia akicheka tu, kile kicheko chake cha kuegemea ukuta, akisema, kumbe bwana mdomo mzito hatimaye ameongea! Akaiwaza ile bandari, na watu wake wakichimba tope mwaka baada ya mwaka. Yeye bahari ilikuwa imemrudia yenyewe, bila jembe, imekuja mpaka mlangoni Alby na koti la kijivu. Aiache iondoke kwa sababu ya kundi la simu?

Alikwenda ukumbini. Kasiani alikuwa amekaa kwenye kigoda, kiatu kimoja mguuni tayari, cha pili anahangaika nacho. Kamba ilikuwa haishikiki.

"Kasiani."

"Naam, sheme..."

"Vua viatu."

Alinyanyua uso. Alimtazama kwa muda mrefu, mtu aliyeogopa kuelewa haraka.

"Dativa, ndege ni kesho asubuhi."

"Ndege zipo kila siku. Vua viatu. Siku ile uliniambia nisivue, nikakutii. Leo niko kwangu, nasema mimi. Sanduku langu la theluji umelibeba maisha yako yote, inatosha. Litue."

"Watu watasema..."

"Walishasema! Walisema kiangazi kizima, na bado jua linatoka Alby. Uzee huu nimwogope nani? Kasiani, nakupenda. Sikukupenda zamani, nisikudanganye, zamani nilimpenda Vedasto peke yake. Nakupenda sasa. Nilianza pale tulipokosa basi, nikamalizia kule gatini uliposhika viatu vyangu, hukuviacha hata meli ilipopiga honi."

Machozi ya Kasiani yalitiririka waziwazi, hakuyafuta. Lakini mikono yake ilibaki pale pale kwenye kiatu, na macho yake yakaenda nyuma ya Dativa, mlangoni mwa jiko.

Stellah alikuwa amesimama hapo, uso umelowa. Kwa mtazamo ule, Dativa alijua: binti yake akisema hapana, Kasiani atafunga kamba zile na kwenda. Na yeye hatamlaumu.

Simu iliita tena. Ilikuwa mkononi mwa Stellah. Aliitazama, akawatazama wao, akaiweka sikioni.

"Shikamoo, shangazi," alisema kwa Kiswahili.

Sauti ya Clementina ilisikika hadi ukumbini. "Marahaba, mwanangu. Mbona mama hapokei? Yule mtu ameshaondoka?"

Stellah alipita kando ya mama yake, akapiga magoti sakafuni mbele ya Kasiani, simu ameibana kwa bega. Akafungua kamba za kiatu cha kwanza, akakivua. Akavuta na cha pili. Akavichukua vyote viwili, akaviweka kwenye rafu, katikati ya viatu vya mama yake na vya kwake.

"Haondoki, shangazi," alisema. "Ameshavua viatu."